Jiwe Lisiloshika Utando

Kama kuna kitu Shanta alikichukia kuliko mgao wa umeme, kuliko wapangaji wa ghorofani wasiofagia ngazi, kuliko hata yule wifi yake wa Upanga aliyependa kupitisha kidole juu ya kabati akitafuta vumbi, basi ni utando. Ule ute mwembamba unaoshika ndani ya pipa la maji ukilisahau siku tatu. Ule utelezi wa chini ya kopo la bafuni. Ukiugusa unateleza, ukiupangusa unarudi, ukiumwagia sabuni unajificha kesho unatokea pale pale. Mtaa mzima wa Kipata ulijua kwamba Mama Tushar, kama walivyomwita Shanta kwa jina la mwanawe, huosha mapipa yake kila Jumamosi kwa mchanga na magadi, na kwamba ukiazima ndoo yake uirudishe ikiwa safi kuliko ilivyotoka, la sivyo utasikia maneno ambayo hukuyaomba.

Tabia hiyo ilikomaa miaka ile ya uhaba, sabuni ilipokuwa ya foleni na mche mmoja unagawanywa nyumba tatu kwa kukatwa na uzi. Shanta alifua kwa majani ya mpapai, akasugua sufuria kwa majivu, akaapa kwamba siku sabuni ikirudi hatausamehe uchafu tena. Sabuni ikarudi. Biashara ilipofunguliwa, Kariakoo ilijaa sabuni za unga za kila rangi, ndoo za plastiki, redio, mitumba, na vitu vingine chungu nzima ambavyo mtu hakujua kama anavihitaji mpaka avione. Shanta akatimiza kiapo chake.

Lakini ni biashara hiyo hiyo iliyomvunja mgongo mumewe. Chandu alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini kwa miaka thelathini, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni na mwendo wa haraka. Mwaka tisini na moja, pale mtaa wa Gerezani, robota la mitumba liliporomoka kutoka juu ya lori likamkuta mgongoni. Walipolifungua walikuta makoti ya baridi. Makoti, katika mji ambao mtu akivaa sweta watu humuuliza kama ana malaria! Jambo hilo lilimkera Shanta miaka yote iliyofuata. Angalau yangekuwa mashati.

Tangu siku hiyo Chandu hakuinuka tena. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na hisia, na mkojo wake ulitoka kwa mpira, ukishuka hadi kwenye mfuko uliofungwa ubavuni mwa kitanda. Mwanzoni mipira yenyewe ilikuwa haipatikani. Baadaye ikapatikana kila duka la dawa, imefungwa kwa nailoni kama pipi, na Shanta akajifunza kwa nesi kuibadilisha mwenyewe. Alidhani kazi ngumu imekwisha. Kumbe ule adui wake wa zamani alikuwa amemtangulia. Kila baada ya siku kumi na nne, wakati mwingine kumi, ndani ya mpira mlishika utando. Ukawa mzito, ukaota chembechembe kama mchanga, ukaziba. Mkojo ukarudi nyuma, Chandu akapata homa ya kutetemeka, meno yakagongana, na Shanta akawa mbioni kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Sindano, vidonge, nafuu, kisha utando tena.

"Nyumba hii naisafisha mpaka nzi wanahama," alikuwa akimlalamikia Mwinyimvua, fundi cherehani aliyekaa barazani kwao. "Na uchafu unanizunguka, unaingia mahali nisipoweza kutia mkono!"

"Ndiyo dunia, Mama Tushar," alijibu Mwinyimvua huku akikanyaga cherehani, jibu lililomkera zaidi.

Euphrasia alikuwa mpangaji wa chumba cha uani. Alikuwa binti wa Kichaga kutoka Rombo, fundi wa maabara katika taasisi moja inayochunguza viumbe wa baharini. Kaka zake wote waliuza vyombo kwa jumla Kariakoo na hawakuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu achague kuchungulia vijidudu kwa mshahara ule. Jioni moja ya Juni mwaka tisini na nne alimkuta Shanta uani, ameupasua mpira uliotolewa, anauangalia ndani kwa hasira kana kwamba umemtukana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone, wewe uliyesoma. Hiki ni nini?"

Euphrasia akachuchumaa. "Huo ni mji, mama."

"Mji?"

"Mji wa bakteria. Mmoja mmoja hana nguvu, hata dawa kidogo inammaliza. Lakini wakishakuwa wengi wanapelekeana ujumbe, wanakubaliana kujenga. Wanajifunika na huo ute kama bati. Dawa ikija inawaua wa juu tu, wa ndani wamelala salama. Kesho wanaanza upya."

Shanta akaushusha mpira. Miaka mitatu alikuwa anaulizia hospitali, na hakuna daktari aliyewahi kumweleza jambo hilo likaingia akilini. "Na hakuna wa kuwazuia?"

"Wapo wanaotafuta. Baharini kuna bakteria wengine wanaokaa juu ya mawe na mimea. Hao hutoa kitu cha asili kinachowavuruga wenzao. Hawawaui. Wanawaharibia tu ule ujumbe, wasielewane, wasijenge."

"Kama wapangaji wa ghorofani kwenye kikao cha kufagia ngazi."

"Hivyo hivyo, mama," Euphrasia alicheka.

Dirisha la Chandu lilitazama uani, na masikio yake yalikuwa mazima. Akaita. Akawaambia kwamba bandarini, nyuma ya ghala la zamani, kulikuwa na ngazi ya mawe inayoshuka majini, ambako makarani waliteremka kuwafuata marubani wa meli na karatasi zao. Ngazi nzima ilikuwa utelezi mtupu wa kijani. Karani mgeni alianguka wiki ya kwanza, wazee wa kazi wakacheka. Lakini kidato cha nne, upande wa kushoto, hakikuteleza hata siku moja. Kila aliyekaa kazini alijua kwamba ukiteremka na karatasi mkononi unakanyaga pale.

"Miaka thelathini nimekanyaga pale," alisema Chandu. "Maji ni yale yale, jiwe ni lile lile, na utando haushiki. Kwa nini?"

Euphrasia hakulala usiku ule. Wiki iliyofuata, akiwa na barua ya kibali mkononi na Chandu akiwa amemchorea ramani nyuma ya karatasi ya forodha, alikwenda akabandua kipande cha jiwe ukubwa wa ngumi kutoka kidato cha nne, kushoto.

Sehemu ya jiwe ilikaa maabara, ikakwanguliwa, na kilichokwanguliwa kikaoteshwa kwenye visahani. Sehemu nyingine aliileta nyumbani, maana maabara umeme ulikuwa unakatika utakavyo. Akaliweka ndani ya gudulia la kioo lililokuwa la achari ya maembe, kivulini uani, akalijazia maji ya bahari. Hapo Shanta alipiga kelele. Kitu kichafu cha baharini, ndani ya gudulia lake, katika ua wake! Lakini Chandu aliongea kutoka dirishani, kwa Kigujarati chao kilichochanganyika na Kiswahili, akasema liwekwe. Na maji yake yanatakiwa kubadilishwa Jumanne na Ijumaa, maji mapya ya bahari, na atakayeyachota ni Shanta.

"Mimi? Kwani Mwinyimvua hana baiskeli?"

"Mwinyimvua atachota hapo Kivukoni kwenye uchafu. Euphrasia amesema maji safi, ya kule Ocean Road, mbele ya Feri. Namwamini nani kwa usafi kama si wewe?"

Hoja hiyo nayo ilimkera. Basi kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi jioni, Mwinyimvua aliacha cherehani akaenda kukaa na Chandu, wakacheza karata. Shanta alifunga ncha ya sari kiunoni, akachukua kidumu cha lita tano, akapita Mnazi Mmoja, akakatiza mjini hadi baharini. Alikwenda akinung'unika na kurudi akinung'unika. Kandambili zilijaa mchanga. Wauza mihogo walishamzoea, wakimwona kwa mbali wanasema, "Mama maji huyo." Mara mbili tatu alikaa kidogo kwenye ukuta, miguu imechoka, akaangalia meli zilizosubiri zamu ya kuingia. Alipofika nyumbani alikuta Chandu anamtazama. Alidhani anataka kujua kama maji ni safi, akamwambia, "Ni safi, ni safi," kwa ukali.

Mwishoni mwa Agosti Euphrasia alifanya jambo lililobadilisha yote. Alikata vipande viwili vya mpira mpya, sawa na wa Chandu. Kimoja alikitia kwenye gudulia la jiwe, kingine kwenye gudulia la maji ya bahari matupu, na yote mawili akayatia bakteria wa utando. Baada ya siku ishirini na moja akavitoa mbele ya Shanta. Cha maji matupu kilikuwa na ute wa kuvutika. Cha kwenye jiwe kilikuwa safi, hakitelezi mkononi, kama siku kilipotoka kwenye nailoni.

Shanta alikishika muda mrefu. Akakipitisha kidole ndani, kama wifi yake wa Upanga, akatafuta utelezi, akaukosa. Machozi yalimlenga na hakuyaficha.

"Basi tumtilie," alisema.

"Tumtilie nini, mama?"

"Maji ya gudulia. Kwenye mpira wa mzee. Leo leo."

Euphrasia aliruka kama aliyeona nyoka. "Hapana! Mama, ukifanya hivyo utamuua. Hayo ni maji ya bahari, yana kila aina ya kitu. Hii siyo dawa bado. Ni lazima tumjue huyu bakteria, tukitoe hicho anachokitoa, tukisafishe, tujue kama hakimdhuru mtu."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, binti."

"Na haraka haraka haina baraka. Niahidi hutamtilia."

Shanta aliahidi, kwa shingo upande. Lakini kuanzia siku hiyo hakunung'unika tena kuhusu jiwe. Alinung'unika kuhusu Euphrasia, kwamba anafanya kazi polepole kama karani wa ardhi.

Oktoba ikaleta mambo mawili kwa mpigo. Mgao ukazidi, umeme ukawa unakatika asubuhi hadi usiku, na visahani vyote vya maabara vikaharibika, bakteria waliomo wakafa. Euphrasia alirudi nyumbani uso umemshuka, akasema sasa kilichobaki ni jiwe la uani peke yake. Novemba kuna mtaalamu anakuja kutoka nje, atalikwangua na kuchukua mbegu aende nayo kwenye maabara isiyojua mgao. Na wiki hiyo hiyo Chandu alipata homa mbaya kuliko zote. Safari hii daktari alimwita Shanta kando, akamwambia kwamba figo zimeanza kuchoka. Homa kama hizi mbili tatu tena, alisema, halafu hakumalizia sentensi.

Shanta alikaa kwenye benchi la hospitali akimkasirikia daktari kwa kutokumalizia. Kisha akakasirikia utando. Kisha akahesabu kwa vidole: mtaalamu anakuja Novemba, akichukua mbegu, labda Januari, labda Machi, dawa itakuwa tayari. Chandu angeweza kuvumilia mpaka Machi. Angemlazimisha avumilie.

Siku chache baadaye Euphrasia alitumwa Tanga kwa wiki moja kukusanya mimea ya baharini. Alipokuwa anafunga begi, Shanta alimuuliza afanye nini.

"Kama kawaida, mama. Badilisha maji tu. Na litunze jiwe. Jiwe ndiyo kila kitu."

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Diwali, sikukuu ya taa.

Asiyeijua nyumba ya Kihindu wiki ya Diwali hajaona usafi. Kila sufuria inashushwa, kila kabati linavutwa ukutani, godoro linapigwa juani, kilichovunjika kinatupwa. Lakshmi, mungu wa kike anayeleta neema, haingii nyumba chafu. Mwaka huo Shanta alimhitaji Lakshmi kuliko miaka yote. Alianza alfajiri ya Jumatatu na ndoo tatu. Akaosha kuta, akasugua ngazi za wapangaji huku akiwasema kwa sauti wamsikie, akachemsha mataulo ya Chandu mara mbili. Jumanne mchana akafika kwenye kona ya gudulia.

Alilitoa jiwe alibadilishie maji. Na kwa kuwa siku hiyo macho yake yalikuwa macho ya Diwali, aliona kitu ambacho miezi yote minne hakukitazama vizuri. Jiwe lilikuwa na ngozi nyembamba ya kahawia. Akaligusa. Likateleza.

Jiwe lisiloshika utando limeshika utando! Wale maadui wameliingilia, labda kwa kosa lake, labda maji ya Ijumaa hayakuwa safi, alichota karibu mno na wavuvi. Euphrasia yuko Tanga. Mtaalamu anakuja baada ya wiki moja. Atakuta nini? Shanta hakufikiri mara mbili, maana jambo hili hakuwahi kulifikiria, alilifanya tu kwa mikono tangu akiwa na miaka saba. Akachemsha maji. Akachukua burashi ya nailoni, chumvi na magadi. Akalisugua jiwe kila upande, akaingiza kijiti cha kibiriti kwenye vitundu, akalisuuza kwa maji yaliyokuwa bado yanatoa moshi, akalisugua tena. Akaosha na gudulia. Alisugua huku akiomba kwa sauti ya chini kwa ajili ya Chandu, na tangu mumewe aanguke hakuwahi kuosha kitu kwa upendo kiasi kile. Lilipong'aa jeupe akalirudisha ndani ya maji mapya, na kwa kuwa ilikuwa Diwali akalipaka juu tone la unga mwekundu wa baraka na kuweka ua la manjano kando ya gudulia.

Euphrasia alirudi siku ya Diwali yenyewe, vitaa vya mafuta vimeshapangwa kwenye ngazi. Shanta alimpokea na sahani ya vitamu na fahari usoni.

"Njoo ulione jiwe lako. Lilikuwa limeanza kuharibika. Nimeliokoa."

Euphrasia alilitazama jiwe. Alitazama tone jekundu. Akaweka begi chini, halafu naye akakaa chini, sakafuni pale pale.

"Mama. Ulilisugua?"

"Vizuri kabisa."

"Kwa maji ya moto?"

"Yanayochemka! Na magadi. Lilikuwa na utando, binti, wa kahawia, unateleza..."

"Ule utando ndio wao," alisema Euphrasia.

Shanta hakuelewa. Euphrasia ikabidi aeleze, na kila neno lilimtoka kwa shida. Jiwe ni jiwe tu. Bakteria wazuri nao hujenga, nao wana ute wao, mwembamba mno hata kiatu hakiuhisi, na ni kwa sababu wao wamekaa pale ndiyo maana wale wabaya hawapati nafasi ya kukaa. Kile alichokisugua ndicho walichokuwa wanakitafuta.

"Ulisema jiwe halishiki utando!"

"Halishiki wa wengine..."

"Ulisema jiwe! Kila siku jiwe, jiwe, litunze jiwe, jiwe ndiyo kila kitu! Ni lini uliniambia nitunze utando? Mimi! Ungeniambia mimi nitunze utando nisingesahau mpaka kufa!"

Ilikuwa kweli. Kule maabara wote walisema jiwe kwa kufupisha, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulisikia neno hilo akaamini ni jiwe. "Hukukosea peke yako, mama," alisema Euphrasia. "Nisamehe."

"Msamaha wa nini? Nenda ukabandue jingine!"

"Ngazi imevunjwa. Nimepita leo nikitoka stesheni. Wanapanua uwanja wa makontena. Wameshamwaga kifusi."

Shanta aligeuka akaingia ndani. Mikono yake ilinuka magadi bado. Maisha yake yote wanawake wavivu alikuwa akiwadharau, na sasa kama angekuwa mvivu siku moja tu, Jumanne moja tu, akaacha kona moja bila kuosha! Akasimama mbele ya kitanda cha Chandu. Alitaka kusema polepole, ikatoka kama kelele.

"Nimeiua dawa yako. Nimeisugua kwa burashi. Nilitaka Lakshmi afurahi, nikaimwaga kwenye mtaro kwa mikono hii. Machi ingekuwa tayari, Chandu. Machi!"

Chandu alikuwa amesikia yote dirishani. Akamwashiria akae ukingoni mwa kitanda. Hakukaa.

"Isingekuwa Machi," alisema.

"Wewe unajuaje?"

"Nilimuuliza Euphrasia mwezi wa saba, ulipokuwa dukani. Nikamwambia, binti, nieleze kama karani anavyoelezwa, meli hii inafika lini. Akasema ikienda vizuri, kila kitu kikienda vizuri, miaka kumi na tano."

Shanta alimtazama. Barazani cherehani ya Mwinyimvua ilikuwa imenyamaza, na uani mtoto wa mpangaji alilipua fataki.

"Kumi na tano," alirudia. "Na ukaniacha nibebe maji. Miezi minne! Magoti haya! Jua lile! Ulijua, ukaniacha nibebe vidumu kama mchukuzi?"

"Mwinyimvua alijitolea siku ya kwanza. Nilimkataza."

"Kwa nini?"

Chandu hakuwa mtu wa maneno ya namna hiyo, na miaka thelathini na miwili ya ndoa haikuwazoesha. "Tangu robota liniangukie hujatoka nyumba hii isipokuwa kwenda dukani na hospitali. Miaka mitatu, Shanta. Unaniosha mimi, unaosha pipa, unaniosha mimi. Ningekuambia nenda kapunge upepo, ungekwenda?"

"Nipunge upepo na kazi yote hii?"

"Basi. Nikapata kazi ya kukutuma. Ulikuwa unarudi umekunja uso, lakini umechomwa na jua, na nywele zimetoka kwenye kifundo. Jumanne na Ijumaa nilikuwa nangojea kukuona unaingia hivyo."

Shanta alitaka kulia, lakini kukasirika alikuzoea zaidi, kwa hiyo alikasirika. Alimwambia ni mwongo, kama wakala yeyote wa bandarini. Alimwambia asimsemeshe mpaka kesho. Akatoka, akaziwasha upya taa zilizozimwa na upepo, akampelekea Euphrasia sahani ya chakula, akarudi akalala upande wake wa kitanda amempa mgongo. Kabla usingizi haujamchukua alinyoosha mkono nyuma akapapasa mpira, kama kila usiku, kuhakikisha haujakunjwa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Saa kumi jioni hapakuwa na jiwe la kubadilishiwa maji, wala sababu nyingine yoyote ya kutoka. Shanta alizunguka uani, akahamisha ndoo iliyokuwa mahali pake, akairudisha. Dirishani Chandu alijifanya anasoma gazeti. Mwinyimvua alikuwa ameshaingia na karata zake bila kuitwa, jambo ambalo lilimwonyesha kwamba mtaa mzima ulijua ila yeye.

"Nyote ni waongo," alisema, akafunga ncha ya sari, akachukua kidumu.

Alirudi giza likianza kuingia. Ndani ya kidumu mlikuwa na maji, na ndani ya kitambaa alichokikunja mkononi mlikuwa na mawe sita ya Ocean Road, ya kijani, ya kahawia, yanayonuka, moja lina konokono. Aliyatoa moja moja bila kuyafuta, akayapanga ndani ya magudulia sita ya achari aliyoyamwaga achari yake, katika ua uliooshwa siku nne kabla kwa ndoo tatu. Euphrasia alichungulia mlangoni mwake, akatoka, akachuchumaa karibu naye.

"Inaweza kuwa hamna kitu humo, mama."

"Najua."

"Na hata kikiwemo..."

"Miaka kumi na tano. Nimesikia. Kuna mtu mwingine mahali fulani mwenye mume na mpira."

Mwinyimvua alikuja na kitambaa begani, akatazama ute uliokuwa umeanza kuchuruzika ukingoni mwa gudulia la kwanza. "Mama Tushar, nikufutie hapo?"

"Thubutu!"

Akasimama, magoti yakalia. Mkojo wa asubuhi ulikuwa umeanza kushuka kwa shida, na mpira ulikuwa umefikisha siku kumi na tatu. Akachemsha maji, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, mara tatu, akafungua nailoni ya mpira mpya, akaenda kumbadilishia mumewe.